Umeshikilia vifurushi vilivyovunjika

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima bila kuandika neno hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeolewa au nimepata kazi serikalini. Hapana jamani. Nilikuwa Kasulo.

"Kasulo ndiyo wapi tena?" Nawasikia watu wa Sinza. Haya, panda basi la alfajiri hapa Dar. Pita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Ukiona mgongo umeanza kukataa, ujue bado. Pita Nyakanazi, kisha Lusahunga upande wa Biharamulo, ingia wilaya ya Ngara. Utafika mahali malori yamepangana kando ya barabara, mama lishe wanapakua wali maharage hata usiku umekwenda, na konda anaita "Benaco! Benaco!" Hapo ndipo. Kata inaitwa Kasulo, lakini ukimwambia konda Kasulo atakuangalia mara mbili. Mwambie Benaco. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo unafika Rusumo, na ng'ambo ya daraja ni Rwanda.

Nilikwenda kutengeneza kipindi cha redio cha dakika saba. Wengi wetu mwaka 1994 tulikuwa hatujazaliwa, kwa hiyo niwakumbushe: tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, ndani ya saa 24 hivi. Hesabu hiyo ni ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Wakapiga kambi Benaco. Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Habari za kambi zimeandikwa sana. Mimi nilitaka habari za wenyeji, wale waliolala kijijini wakaamka mjini.

Siku ya kwanza tu nikampata mama mmoja. Sitamtaja jina wala kazi yake. Tulikaa nje ya nyumba yake karibu mchana kutwa, na kuelekea jioni akanieleza jambo moja la mwaka ule, jambo la ndani ya nyumba yake. Alisema kwa dakika tatu bila kusita. Wenzangu wa redio mnaijua ile hali: mtu anaongea, na wewe kichwani umeshasikia kipindi kizima, mwanzo mpaka mwisho.

Nikarudi gesti nikiwa natembea juu ya mawingu. Nikafungua kompyuta, nikaandika kipindi usiku ule ule. Kila sentensi niliyoandika iliegemea zile dakika tatu. Tatizo lilikuwa dogo tu: upepo. Sauti ya mama ilikuwa nzuri lakini upepo ulivuma kwenye kinasa sauti kama mtu anachana karatasi. Nikakumbuka kwamba toleo jipya la programu yangu ya kuhariri sauti linasafisha upepo vizuri kuliko langu la zamani. Nikaunganisha simu, nikalitafuta, nikalipakua kutoka tovuti moja huko, nikalisimika kwa nguvu ya haraka na usingizi.

Nadhani mmeshaona linakokwenda.

Programu mpya haikufunguka. Ile ya zamani nayo imeshaondoka. Saa sita na nusu ya usiku, Kasulo, malori yananguruma nje, na mimi sina cha kuhariria.

Hapa lazima nifafanue kidogo kwa wasio mafundi, maana nikisema "vifurushi" Bongo hii mtu anafikiria bando la wiki. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu. (Ndiyo, mimi ni mmoja wa wale. Msinicheke.) Ubuntu imezaliwa na Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na huko programu husafiri kama vifurushi. Kila kifurushi kina karatasi yake inayosema: mimi ni fulani, toleo langu ni hili, na ili nifanye kazi namhitaji fulani na fulani, tena wa toleo hili au jipya zaidi. Anayesoma karatasi hizo ni APT, meneja wa vifurushi. Chini yake yuko dpkg, huyu ni kuli: anabeba, anafungua, anapanga. Dpkg haendi sokoni kutafuta kilichopungua. Ukimpa mzigo mkononi ataufungua, ataondoa wa zamani, na kama kitegemezi kimepungua atasema tu "siwezi kumalizia" kisha ataondoka.

Mimi, kwa haraka zangu, nilimruka meneja nikampa kuli mzigo. Kuli akafanya kazi ya kuli.

Msidhani kazi ya meneja ni nyepesi. Programu moja inataka maktaba fulani toleo la 2 au zaidi. Nyingine inataka maktaba ile ile lakini chini ya 2. Zidisha hayo kwa maelfu ya vifurushi. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa mradi wa Ulaya ulioitwa EDOS walionyesha kwamba swali linaloonekana la kitoto, "je, kifurushi hiki kinaweza kusimikwa pamoja na vyote kinavyovitegemea?", liko kwenye kundi la maswali magumu kabisa ya sayansi ya kompyuta. Hakuna njia ya mkato inayojulikana ya kulijibu haraka kila mara. Ndiyo maana mameneja wengi wa vifurushi wamekuwa wakiandikiwa upya ubongo wao. APT yenyewe ilipata mpya katika toleo la 3.0, mwaka 2025.

Na matoleo nayo yana vituko vyake. Haya niambie, kati ya 1.9 na 1.10, lipi jipya? Mtoto wa darasa la sita atasema 1.9, maana 1.10 ni sawa na 1.1. APT atasema 1.10. Ile nukta si ya desimali. Isome kama sura na aya: aya ya kumi huja baada ya aya ya tisa. Kuna alama ya kiwimbi pia, ambayo Debian huiweka kusema "hili ni la majaribio, lipo nyuma ya lile kamili," kwa hiyo 2.0 yenye kiwimbi na neno la majaribio huhesabiwa ndogo kuliko 2.0 tupu. Halafu kuna watengenezaji waliokuwa wakihesabu kwa miaka, toleo la 2004, la 2005, kisha siku moja wakaamua kuanza upya na 1.0. Kwa hesabu ya kawaida 1.0 ni ya kale sana mbele ya 2005! Debian wakatafuta dawa: unaweka namba nyingine mbele, kisha nukta mbili, na namba hiyo inasema "enzi mpya imeanza, sahau mahesabu ya nyuma."

Hata Kiswahili chetu kimepitia haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya mahesabu ikiongea Kiswahili kitupu. Fikiria, kubofya "Faili" na "Hariri" miaka ile! Lakini ilijengwa juu ya mfululizo wa 1.1, na Oktoba 2005 OpenOffice.org ikatoa 2.0 yenye menyu mpya na maneno mapya. Tafsiri haihami yenyewe. Kila toleo jipya linapotoka, lazima mtu akae tena, aangalie sentensi zipi zimebadilika, zipi zimekufa, zipi hazina Kiswahili bado. Kazi iliyofanywa vizuri ilikuwa imefungwa kwenye toleo lake. Nilikuwa naijua habari hiyo kama historia tu. Kasulo ndiko nilikoielewa.

Turudi gesti. Nikamwita meneja arekebishe alichoharibu kuli. Akanijibu kwa ule ujumbe ambao kila mtumiaji wa Debian na Ubuntu ameshauona: una vifurushi vilivyovunjika, na umevishikilia.

Ujumbe huu humtokea hata mtu ambaye hajashikilia kitu, kwa hiyo nimezoea kuupuuza. Nikaupuuza. Nikalala.

Asubuhi nikiwa nakunywa chai na chapati kwa mama lishe, nikamwona yule mama anakuja. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje?"

Akakaa. Akakataa chai. Akaangalia malori kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, lile neno la jana jioni. Liondoe."

Nikamuuliza kama nimekosea kuelewa. Akasema hapana, nimeelewa vizuri, ndiyo sababu. Amekaa na mwanawe mkubwa usiku, wameongea. Lile neno si lake peke yake. Mengine yote nitumie, lile niliondoe.

Nikamwambia, "Sawa mama, nitaangalia." Mwandishi akisema "nitaangalia" jueni hajakubali kitu. Na yeye nadhani alijua, maana alinishika mkono kidogo kabla ya kuondoka.

Nikampigia mhariri wangu. "Sauti unayo?" Ninayo. "Alikubali kurekodiwa?" Alikubali, na kwenye rekodi amesema mwenyewe kwamba anakubali. "Sasa tatizo liko wapi?"

Kwa karatasi, tatizo halikuwepo. Nilikuwa na ndiyo yake. Nilikuwa na saa na tarehe. Shida ilikuwa kwamba ile ndiyo ilikuwa ya jana.

Jioni nikarudi kwenye kompyuta, nusu kwa sababu ya kazi na nusu kwa sababu sikutaka kufikiria. Kuna amri ya dpkg ya kulazimisha: unamwambia kuli apuuze vitegemezi, amalizie hivyo hivyo. Nimeshaitumia zamani. Inafanya kazi, kwa maana kwamba makelele yanaisha. Programu inafunguka. Halafu siku moja ukiwa katikati ya kazi inaanguka, na wakati huo umeshasahau ulilazimisha nini.

Safari hii nikaamua kusoma kwanza. Nikamwuliza APT anionyeshe ile maktaba ya sauti iliyopungua: toleo nililonalo, matoleo yaliyopo kwenye ghala, na kila moja linatoka wapi. Jibu likanishangaza. Toleo linalotosha lilikuwepo, tena kwenye ghala rasmi. Kwa nini basi hulichukui, bwana meneja? Nikaomba orodha ya vilivyoshikiliwa. Likatoka jina moja tu, la maktaba ile ile.

Nani kaishikilia? Mimi.

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma toleo jipya la maktaba hiyo lilikuwa linakwaruza sauti zangu. Nikarudisha la zamani, nikaweka alama ya kushikilia ili APT asiliguse, nikaenda kulala nikijiona fundi. Sikuandika popote kwa nini. Kule kukwaruza kulirekebishwa na wenyewe muda mrefu uliopita. Sababu ilishakufa, mshiko ukabaki. Na kwa miaka miwili, kila sasisho la maktaba hiyo, hata kama lilikuwa la kuziba matundu ya usalama, lilifika mlangoni kwangu likarudishwa.

Nikaondoa alama. Nikamwambia APT afanye majaribio kwanza bila kugusa kitu, aniambie tu angefanya nini. (Fanyeni hivi siku zote. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule wa video za kompyuta, alikuwa anasimika programu ya michezo kwenye Linux, meneja akamwonya kwamba ataondoa vifurushi muhimu, akathibitisha bila kusoma vizuri, na mazingira yake yote ya dirisha yakaondoka. Watengenezaji wa APT wakaongeza kizuizi baadaye.) Majaribio yakasema: kimoja kitapandishwa, hakuna kitakachoondolewa. Nikakubali. Megabaiti chache, dakika mbili, programu ikafunguka.

Nikaweka rekodi ya mama. Nikasafisha upepo. Sauti ikatoka safi kama yuko chumbani.

Nikaisikiliza mara moja, na ndipo nikaona nilichokuwa nakifanya tangu asubuhi. Nilikuwa nimeishikilia ndiyo ya jana, nikiikataa ya leo iliyofika mlangoni kwa miguu yake.

Kuna kisa kimoja mafundi hukisimulia sana. Tarehe 22 Machi 2016 Azer Koçulu, aliyegombana na npm, ghala kubwa la vifurushi vya JavaScript, kuhusu jina la kifurushi chake, aliondoa vifurushi vyake vyote zaidi ya 250. Kimoja kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Miradi mingi duniani ikagoma kujengeka siku hiyo, kwa sababu ilikitegemea, mingi bila wenyewe kujua. Ndani ya saa chache npm wakakirudisha bila ya yeye kutaka, kisha wakabadili kanuni ili kifurushi kinachotegemewa na wengine kisiweze kung'olewa kirahisi.

Nimesoma hoja za pande zote mbili, na kwa msimbo uliotolewa hadharani nakubali kuna haja ya kulinda wanaoutegemea. Lakini usiku ule nilijiuliza: nani anategemea dakika zile tatu za mama? Hakuna. Kipindi kilikuwa hakijatoka. Aliyekuwa anazitegemea nilikuwa mimi peke yangu, na nilijenga nyumba nzima juu yake kabla hata sijalala usiku mmoja. Yeye ana majirani na ana mwana.

Nikafuta. Kwenye kompyuta, kwenye kinasa sauti, na nakala iliyokuwa kwenye simu. Msiniulize alisema nini. Hiyo ndiyo maana ya kuondoa.

Nikakaa siku nne zaidi kwa pesa yangu, na hapo ndipo pesa ya kodi ya nyumba ilipoishia, kwa hiyo mwenye nyumba kama unasoma, tuongee. Nikaongea na wazee wengine watatu. Nikarudi kwa mama pia, akanipa yale mengine aliyosema nitumie, akaniongezea na jingine ambalo siku ya kwanza hakulitaja. Kipindi kikatoka cha dakika nne badala ya saba. Mhariri hakufurahi. Si kizuri kama kile nilichokisikia kichwani jioni ile, na sitawadanganya kwamba ni kizuri zaidi.

Nilichobadilisha ni vitu viwili vidogo. Kwenye kompyuta nina faili moja: nikishikilia kifurushi chochote naandika tarehe, sababu, na siku ya kukiangalia tena. Kwenye daftari la kazi, mbele ya kila jina la mtu aliyeongea nami, naandika alikubali nini na lini, na kabla kipindi hakijatoka napiga simu moja zaidi kuuliza kama bado ni hivyo. Inachosha. Wiki iliyopita mtu mmoja ameshaniambia sasa si hivyo, na nimeshapoteza habari nyingine.

Wenye Ubuntu mliomo humu, leo kabla ya kulala ombeni orodha ya mlivyoshikilia. Kisha mniambie mmekuta nini, na kama bado mnakumbuka kwa nini.

Haya, nimerudi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.